Rali Kabla ya Mazishi

Watu wa hapa wakikusimulia habari za Kipkemoi siku hizi wanaanza na ule mwezi wa Julai, kana kwamba kabla ya hapo hakuwa mtu. Mimi naanza mbali, kwa sababu namjua tangu nilipofungua hoteli yangu ya mabati kando ya kituo cha kununulia chai, na kwa sababu hasira yangu kwake haijanisahaulisha kwamba alikuwa mtu mwema. Tena hasira yenyewe si yake peke yake. Nusu ni yangu mwenyewe.

Naitwa Nyanchoka, ila hapa juu ya Boito wananiita Mama Sagini. Nilikuja kutoka Kisii nikiwa na mimba ya huyo Sagini, mume wangu akiwa mchumaji katika shamba kubwa la chai. Mume amekufa, Sagini ameoa, nami ningali hapa na sufuria zangu. Miaka thelathini, na bado mimi ni wa kuja. Hawakuambii hivyo usoni. Wanakuambia kwa jinsi wanavyokuonyesha pa kukaa mkutanoni.

Kipkemoi yeye alizaliwa palepale anapoishi, hatua chache kutoka kona ya kituo. Alipokuwa na miaka minane hivi, magari ya mashindano yalipita njia hii, na moja likamrushia tope kutoka miguuni hadi kifuani. Mamake alitaka kuifua ile kaptura ya shule. Mtoto akakataa. Aliivaa na tope lake siku nne, mpaka mwalimu akamrudisha nyumbani. Hadithi hiyo alikuwa anaanza kuicheka kabla hajafika katikati, na sisi tuliokuwa tumeisikia mara mia tulicheka kwa kumtazama yeye.

Gari la mashindano hakuwahi kuliendesha hata siku moja. Aliendesha lori la kiwanda, la kubeba majani mabichi, miaka ishirini na mitatu, polepole kama mtu anayebeba mayai. Alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa na ng'ombe watatu na chai ekari moja na nusu. Lakini kila mwaka rali ilipokuja alikuwa anavaa fulana ya rangi ya machungwa, anashika bendera nyekundu, na kwa siku moja anakuwa mtu mkubwa kuliko chifu.

Rali yetu haikuwa ile inayoonyeshwa duniani. Ni magari ishirini na kitu, wenyewe wakitoka Nairobi na Nakuru, lakini yalikuwa yanapita mbele ya milango yetu. Kazi ya mshika bendera ni kufunga barabara. Likishapita gari la sifuri, lile la king'ora linalotangulia, hakuna mtu wala ng'ombe wa kukanyaga njia mpaka lipite gari la mwisho, la kufagia. Mwaka mmoja, zamani, mama mmoja alimlilia Kipkemoi amruhusu avushe mtamba wake. Akamhurumia, akamruhusu. Mtamba alikufa, na dereva wa gari lililomgonga akavunjika mkono mahali pawili. Tangu siku hiyo huruma aliiacha nyumbani pamoja na simu. Alimsimamisha mheshimiwa mmoja na walinzi wake. Alimsimamisha bibi harusi, ambaye alikaa ndani ya gari lenye maua saa nzima huku pasta akimngoja madhabahuni, nasi tukacheka mpaka machozi. "Barabara ikifungwa, imefungwa," alikuwa anasema. Tulimpenda kwa hilo. Nchi hii haina watu wengi wa namna hiyo.

Kisha ukaja Juni, vijana wakaingia barabarani nchi nzima kupinga kodi mpya. Kwetu hapa hakuna pa kuandamana, utampigia nani kelele katikati ya michai? Basi waliteremka hadi barabara kuu. Kipngeno, mwana wa kwanza wa Rebeccah, alikwenda mpaka Mulot. Rebeccah ni jirani ya Kipkemoi, mjane, rafiki yangu. Kipngeno alikuwa na miaka ishirini na miwili, amemaliza chuo cha ualimu, hana kazi, anachuma chai ya mamake akiwa amevaa sweta ya chuo. Wenzake wanasema alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu risasi ilipompata shingoni. Nani alipiga? Tuliambiwa uchunguzi unaendelea. Mpaka leo unaendelea. Labda umepotea njia.

Mwili ulilazwa mochari kungoja daktari wa kuupasua. Wiki ikapita. Daktari akaitwa kwingine, wafu walikuwa wengi. Wiki ya pili ikapita. Na Jumamosi ya wiki ya tatu ndiyo ilikuwa siku ya rali, iliyopangwa tangu Januari. Njia yake ilikuwa inapita mbele ya boma la Rebeccah, hatua kama mia mbili kutoka mlangoni.

Magari yapite hapo kabla mtoto hajazikwa, au yasipite? Swali lilikuwa hilo tu. Mtoto wa chekechea angelijibu. Sisi tuliita kokwet.

Kokwet ni mkutano wa majirani. Wakipsigis, wenyeji wa hapa, hawaanzi jambo la barabara au la maji bila kuketi hivyo, kwenye nyasi, wazee mbele, wanawake upande. Haipigwi kura. Watu wanaongea mpaka maneno yaishe, na yule asiyepinga amekubali. Mwenyekiti wetu ni Mzee Joab, mtu wa kukohoa kabla ya kila sentensi.

Walikuja watu wawili wa mashindano, na gari jeupe, na maneno laini. Mmoja alisimama akasema, "Wazee wangu, tunawapa pole. Lakini tukiahirisha kwa sababu ya maandamano, wenye pesa hawatarudi hii sehemu. Mtaitwa watu wa fujo. Mnataka watoto wenu waitwe hivyo?"

Watu wakanung'unika kidogo, kisha wakaanza kuhesabu faida. Wenye bodaboda walisema tangu Juni hakuna abiria. Mwenye duka alisema hakuna wateja. Mimi sikusema kitu, lakini unga wa chapati nilikuwa nimeshanunua, na kichwani nilikuwa nakanda.

Ndipo akasimama Kipkemoi. Kila mtu alijua atasema nini, ila hakusema kama mtu anayetaka bendera yake. Alisema kwa uchungu.

"Mimi sisemi tusilie," akasema. "Tumelia. Mimi mwenyewe nimelia, Mama Kipngeno anajua. Lakini hawa watoto wamekaa wiki tatu wakiangalia moshi ya tairi kwa simu. Wakilala wanaota risasi. Wacha waone gari ikipita siku moja, wapige kelele ya furaha. Kipngeno mwenyewe alikuwa anapenda rali. Mwaka jana tulisimama na yeye pale kona, mchana yote, hata chakula hakutaka." Akamgeukia Mzee Joab. "Na mwili inatoka Jumatatu. Nimeuliza mimi mwenyewe. Rali ni Jumamosi. Hawatakutana."

Hayo yote yalikuwa kweli. Mpaka leo nikiyageuza sioni uongo ndani yake, na hilo ndilo linaloniudhi.

Aliyepinga ni Janeffer, dada ya Kipngeno, msichana wa miaka kumi na tisa. Hakungoja kuitwa. "Mimi niko na swali," akasema. "Bro yangu ako kwa friji, na nyinyi mnataka kupiga makofi? Kwani wakufe wangapi ndio kitu isimame hii Kenya? Wale walimuua wakiona tunashangilia magari, watajua hatuna uchungu. Watajua wanaweza rudia."

Mzee Joab akakohoa. "Keti, mtoto. Hapa ni kokwet, si Tiktok."

Watu walicheka. Nami nilicheka. Naliandika hili kwa sababu nimejiapiza nisijifiche. Janeffer aliketi, akavuta kofia ya sweta usoni, na neno lake likaachwa pale kwenye nyasi, kwa sababu msichana ambaye hajaolewa hahesabiwi kwenye kokwet. Anasikilizwa kama redio ya jirani.

"Kuna mwingine?" akauliza Joab.

Macho yote yakamgeukia Rebeccah. Alikuwa ameketi nyuma ya wanawake, lesso mabegani, akitazama viganja vyake. Sasa sikiliza. Hapa kwetu mama ambaye hajamzika mtoto hajibizani mkutanoni. Anaongelewa. Mumewe angemsemea, lakini mumewe amekufa. Shemeji zake wangemsemea, lakini wanaishi Sigor na walikuwa bado hawajafika. Kwa hiyo kanuni moja ilimfunga mdomo, na kanuni nyingine ikasema asiyepinga amekubali. Kanuni zote mbili tulizijua. Hakuna mtu mzima pale ambaye hakuzijua. Tukachukua ile iliyotufaa.

Nilikuwa nimekaa karibu naye. Ningeweza kusema, "Mzee, huyu hawezi kujibu, tungoje watu wa Sigor." Sentensi moja. Nikaimeza. Nilijiambia mimi ni wa kuja, mwaka ule wa fujo za uchaguzi, wa kuja walipofukuzwa, nililala ndani ya michai siku tatu na mtoto mgongoni, nani aniambie nipayuke kwenye kokwet ya wenyewe? Sababu nzuri. Nyuma ya hiyo sababu nzuri kulikuwa na mfuko wa unga.

"Basi," akasema Joab, "tumekubaliana." Tukaomba, tukatawanyika. Rebeccah alibaki ameketi mpaka Janeffer akaja kumshika mkono.

Ijumaa mvua ilinyesha usiku kucha na Jumamosi kulipambazuka tope. Kipkemoi alikuwa kwenye kona kabla ya jua, fulana yake imepigwa pasi. Simu aliiacha nyumbani kama kawaida, maana alisema mtu hawezi kusikiliza vitu viwili. Mkononi alikuwa na redio yao ya mawasiliano, na ile bendera. Watu walijaa ukingoni, watoto wamepanda juu ya kuta za kituo, wachumaji wameacha makapu. Nilikuwa nimefurahi, wacha niseme ukweli. Saa tatu gari la sifuri lilipita na king'ora chake, na watoto walipiga kelele ambayo sikuwa nimeisikia tangu Mei. Nikajisemea, Kipkemoi alikuwa na haki.

Magari ishirini na sita yaliandikishwa. Yalikuwa yameshapita kumi na moja pikapu ilipotokea upande wa chini.

Ilikuja polepole. Ilikuwa nyeupe, imefungwa kitambaa chekundu cha msiba kwenye kioo, na nyuma walikuwa wameketi vijana sita kuzunguka jeneza. Mbele, kando ya dereva, alikuwa Rebeccah.

Baadaye ndiyo tulielewa. Daktari alikuwa amefanya kazi yake Ijumaa jioni, na asubuhi mtu wa mochari aliwapigia akawaambia wamchukue leo, leo hii, maana vijana wote wako rali na barabara kuu itakuwa tulivu, hakuna atakayeandamana na jeneza. Kumbe rali yetu ilikuwa na faida nyingine ambayo hatukuihesabu kwenye kokwet. Janeffer alimpigia Kipkemoi simu mara saba. Ililia kwenye meza ya jikoni.

Kipkemoi aliiona pikapu kama alivyoona gari lolote lingine. Akaingia katikati ya njia, akainua bendera. Pikapu ikasimama. Kisha akaona kitambaa, akaona jeneza, akamwona aliye mbele. Bendera haikushuka.

Janeffer aliruka chini. "Ni Kipngeno," akasema. "Tulikupigia. Ni Kipngeno, tufungulie."

Paa la nyumba yao lilikuwa linaonekana ng'ambo ya barabara. Moshi ulikuwa unatoka, kuna mtu alikuwa amewasha moto.

"Hakuna nafasi," akasema Kipkemoi. "Gari inakuja." Na kweli lilikuja, likakata kona, likapita kwa kishindo, tope likaruka mpaka kwenye kioo cha pikapu. Dereva akawasha waipa.

Vijana wakashuka. Mmoja akasema, "Tumbebe kwa mabega. Ni kuvuka tu, hata dakika haiishi."

"Mkianguka na yeye hapo katikati?" Kipkemoi akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hii tope hamuioni? Gari inatokea kwa hiyo kona haiwezi kushika breki. Mtakufa nyinyi wote na dereva. Mimi nimeona hiyo kitu kwa macho yangu."

Alisema kweli tena. Mtu huyu shida yake ni kwamba alisema kweli kila mara.

Akainua redio. Sisi tuliokuwa karibu tulimsikia vizuri. "Iko mwili hapa. Ni mwili ya mtoto wetu, inataka kuvuka kwenda nyumbani. Tunaomba dakika tano."

"Pokea. Subiri hapo," redio ikasema. Gari jingine likapita. Halafu redio ikasema, "Hapana. Tumechelewa ratiba. Shikilia barabara."

"Nimesikia," akasema Kipkemoi.

Aliomba mara moja. Hakuomba mara ya pili. Na kuna jambo ambalo kila dereva wa mashindano analijua na hata watoto wa hapa wanalijua: akiona bendera nyekundu mbele yake lazima asimame. Ile bendera ilikuwa mkononi mwa Kipkemoi. Angepanda juu ya ukingo, akatembea hatua hamsini kuelekea yanakotokea magari, akaipeperusha, mashindano yote yangekwama. Wangemfukuza, wangemtukana, lakini yangekwama. Yeye aliishikilia vilevile, ameielekeza kwenye pikapu.

Tuliobaki je? Tulikuwa watu mia tatu na zaidi pale. Tungeweza kuteremka wote barabarani. Wanaume walivua kofia. Hilo ndilo tulilofanya, tulivua kofia. Watoto walinyamaza bila kuambiwa. Magari yakaendelea, kila dakika mbili, na kila moja lilipopita tulisikia injini yake mpaka ikapotelea mbali kwenye mashamba, kisha tukawa tunasikia waipa ya ile pikapu, kwa maana dereva alisahau kuizima.

Gari moja lilipunguza mwendo kabisa lilipofika mbele yetu, likapita polepole kama linasindikiza. Wamama wakaanza kulia, wakisema walau mmoja ametoa heshima. Baadaye tukasikia gurudumu lake lilikuwa limepasuka.

Rebeccah hakushuka wala hakufungua kioo. Nilikwenda nikasimama upande wake wa mlango. Sikugonga. Ningegonga nimwambie nini, nikiwa na unga mikononi? Alikuwa anatazama mbele, juu ya bendera, kwenye paa la nyumba yake. Nilihesabu magari kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Kumi na tano. Kisha tukalingoja la kufagia, ambalo lilichelewa.

Lilipopita, Kipkemoi alishusha bendera na kusogea kando. Pikapu ikavuka. Vijana walitembea nyuma yake na watu wengine wakafuata, ila si wote. Wengine, na hawa nawajua kwa majina, walikimbia kukatiza mashambani wakayaone magari yakirudi upande wa pili. Kipkemoi alivua ile fulana, akaikunja vizuri, akaiweka chini kwenye nyasi. Akakaa kando yake. Nilipita nikamwacha hapo. Chapati zangu ziliisha zote siku ile, sikuzionja hata moja.

Kipngeno alizikwa Jumanne. Kipkemoi alifika alfajiri na jembe lake akachimba na vijana, na hakuna aliyemwambia aondoke. Alichimba kuliko wote, mtu wa miaka hamsini na kitu, mpaka mkono ukatoka damu. Shemeji za Rebeccah kutoka Sigor walikuwa wamefika, wakamwangalia bila kumsalimia. Wakati wa maneno, Mzee Joab alikohoa na kusema kokwet nzima inaomboleza. Janeffer aliondoka hapo akaenda kusimama zizini.

Baada ya hapo Kipkemoi alirudisha bendera na redio. Aliwapelekea watu wa mashindano mwenyewe, mpaka mjini Bomet. Wakamwambia amefanya kazi nzuri sana siku ile, nidhamu ya hali ya juu, na wangependa awe mkubwa wa washika bendera wote mwaka ujao. Aliniambia hayo akiwa amesimama mlangoni mwa hoteli yangu.

Mwishoni mwa Agosti alikuja tena, mchana, kabla lori la chai halijafika. Alikuwa amevaa koti la kanisani na amebeba kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha.

"Mama Sagini," akasema, "nisindikize kwa Mama Kipngeno. Peke yangu siwezi."

"Uende na Mzee Joab," nikamwambia. "Haya ni mambo yenu."

"Joab anasema kokwet haikukosea, kwa hivyo hakuna kitu ya kuomba msamaha." Akatazama chini. "Wewe ni rafiki yake."

Nilitaka kumwambia huo urafiki hata mimi najiuliza kama bado upo. Nikafunga hoteli, tukaenda.

Tulimkuta Rebeccah nje, anapepeta mahindi. Alituletea viti, kwa kuwa hata hasira haimfanyi mtu wa hapa amwache mgeni amesimama. Kipkemoi hakukaa. Aliweka kibuyu chini, akaanza kuongea kwa Kipsigis, polepole, na mimi naelewa cha kutosha. Alisema alimhurumia mtu mara moja na mtu akaumia, na tangu hapo aliogopa huruma. Alisema ilimpasa aombe mara ya pili kwenye redio. Alisema aliiona njia ya kusimamisha magari, aliiona waziwazi tangu mwanzo, na miguu ikakataa, kwa sababu maisha yake yote hakuwa na kitu kingine ambacho watu walimheshimia. Alisema, "Nisamehe."

Rebeccah aliweka ungo chini. Alijibu kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie.

"Wewe Kipkemoi, kwa kokwet mliniangalia. Hakuna mtu aliniuliza," akasema. Aliponitupia jicho mara moja nilitaka ardhi inimeze. "Lakini hiyo nimeacha. Nimefikiria sana hii maneno ya kusamehe. Pasta amekuja mara tatu. Sasa sikia. Huyo alipiga mtoto yangu, sijui jina yake. Sijui sura. Sijui kama ako na watoto, kama analala usiku. Nimeenda ofisi nne, wananiambia rudi kesho. Sina mtu." Akafuta mikono kwenye lesso. "Wewe najua. Jina yako najua, mlango yako naona. Nikikusamehe wewe, nitakasirikia nani? Nitabaki na hii hasira pekee yangu kwa nyumba. Wacha ikae kwako. Wewe uko na mabega, beba."

Kipkemoi akavua kofia.

"Sawa, Mama Kipngeno," akasema. "Nitabeba."

Akaacha kibuyu, tukaondoka.

Boma zao zinapakana, kwa hiyo kila asubuhi akienda kupima chai yake anapita mbele ya lango la Rebeccah. Kuna njia nyingine, ndefu kidogo, inayopita kwa Joab, na nilidhani ataishika hiyo. Hakuishika. Anapita palepale, anasimama langoni, anavua kofia na kumsalimia, "Chamgei, Mama Kipngeno." Salamu hiyo kwa Mkipsigis haiachwi bila kujibiwa hata na adui. Rebeccah anamtazama mpaka amalize, kisha anaendelea na kazi yake. Kipkemoi anavaa kofia, anakwenda, na kesho yake anasimama tena.